Halali ya Jalada na Halali ya Hesabu



Majuma mawili yaliyopita, baada ya swala ya Alasiri, alitujia mama mmoja katika wasomaji wetu, ameshika bahasha ya kaki chini ya buibui lake. Mumewe alifariki mwaka jana. Eda imekwisha, mirathi imegawanywa kwa mujibu wa sharia, na fungu lake pamoja na la watoto wake watatu ni sehemu ya godauni la familia lililoko Shimanzi. Shemeji zake wanataka godauni liuzwe. Mwanawe mkubwa, ambaye hufanya kazi Dubai, amemshauri akubali, kisha pesa ziwekwe katika mfuko wa majengo ya viwanda ulioko Singapore. "Mama, huu ni wa halali, umeandikwa hivyo hivyo," alimwambia. Watoto wawili wadogo bado hawajabaleghe. Mali inayozungumzwa, basi, ni mali ya mayatima.

Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi za namna mbili. Moja ilikuwa kijitabu cha matangazo, chenye picha za maghala meupe na maneno mazuri juu ya uwekezaji wa kisharia. Ya pili ilikuwa taarifa ya fedha ya nusu mwaka, kurasa nyingi za tarakimu. Kijitabu alikuwa amekisoma hata kimechakaa pembe. Taarifa hakuigusa. "Hii ni ya wahasibu," alisema, "mimi nilitaka mniambie kama ni halali tu."

Tulimwomba aweke karatasi hizo mbili ubavu kwa ubavu na asome majina yaliyo juu. Alisoma la kwanza, akasoma la pili, akarudia. Hayakuwa sawa. Katika kijitabu mfuko uliitwa wa kufuata sharia. Katika taarifa ya fedha neno sharia halimo. Alivua miwani, akatuuliza: "Limekwenda wapi?"

Safu ya leo ni jawabu la swali lake. Tumeona tuliandike kwa ajili ya nyumba zote, kwa sababu matangazo ya namna hii yanaingia kila siku katika simu zetu, na akina mama wengi ndio washika amana za watoto.

Tuanze na jambo lenyewe. Mfuko wa uwekezaji wa majengo ni pesa za watu wengi zilizokusanywa pamoja, zikanunua majengo yenye wapangaji. Kila mtoaji hupata vipande kulingana na alichotoa. Majengo hushikwa na mdhamini kwa niaba ya wenye vipande. Msimamizi ndiye hutafuta wapangaji, hukarabati, hukusanya kodi na hulipwa ujira wake. Kodi ikishatolewa gharama, sehemu kubwa hurudi kwa wenye vipande kama gawio. Mfuko wa viwanda hununua maghala, karakana na majengo ya viwanda vidogo. Kwa watu wa Mombasa hili si geni. Aliyekulia karibu na Shimanzi, Changamwe au Miritini ajua godauni ni nini na kodi yake hulipwaje. Na aliyewahi kula, kusoma au kuswali kwa mapato ya wakfu ajua pia maana ya mali kushikwa na mtu mmoja kwa manufaa ya wengine.

Ila kuna tofauti moja kubwa. Mwenye sehemu ya godauni la Shimanzi anaweza kwenda akachungulia mlangoni. Mwenye kipande cha mfuko hana ufunguo. Kinachomfikia ni vitu viwili tu: gawio na hesabu. Gawio humwambia alichopata. Hesabu humwambia kimetoka wapi na kama kitadumu. Kwa hiyo anayepokea gawio bila kusoma hesabu ni kama anayekula chakula bila kujua kimepikwa jiko la nani.

Hesabu ya mwaka mzima huja mara moja, nayo huchelewa. Ndiyo maana kukawekwa taarifa ya katikati ya mwaka. Kanuni ya kimataifa ya uhasibu nambari 34 ndiyo inayotaja kilicho cha lazima ndani yake: mizania kwa ufupi, mapato na matumizi, mabadiliko ya mali ya wenye vipande, mtiririko wa pesa taslimu, na maelezo ya mambo makubwa yaliyotokea tangu hesabu ya mwisho wa mwaka. Nchi nyingine hudai taarifa hiyo kila miezi mitatu, nyingine kila miezi sita. Singapore ilikuwa na sharti la miezi mitatu kwa kampuni nyingi za soko la hisa. Februari 2020 soko hilo likalegeza kanuni, na nyingi zikahamia miezi sita. Tuelewe pia kwamba taarifa hii mara nyingi huwa haijakaguliwa na mkaguzi wa nje kama ile ya mwaka. Hilo si kosa, lakini msomaji anapaswa kulitafuta neno hilo na kulijua.

Sasa turudi kwa jina lililopotea. Mfuko wenyewe ni Sabana. Uliingia katika soko la hisa la Singapore Novemba 2010, ukiwa na majengo 15, kipande kimoja kikiuzwa kwa dola 1.05 za Singapore, na jina lake rasmi lilitaja kwamba unafuata sharia. Halikuwa pambo. Kodi itokayo kwa wapangaji wenye biashara zisizoruhusiwa haikutakiwa kuzidi asilimia 5 ya mapato, na sehemu hiyo ilipaswa kutolewa sadaka ili mapato yatakasike. Mikopo yake ilipangwa kwa njia ya murabaha. Waislamu wengi waliuona kuwa mlango mpya.

Oktoba 2021 mfuko huo uliacha kuwa wa kisharia, na jina likabadilishwa. Wasimamizi walieleza kwamba walitaka uhuru zaidi wa kuchagua wakopeshaji na wapangaji, na kupunguza gharama za kufuata masharti hayo. Hawakuficha, walitangaza hadharani, na taarifa za nusu mwaka zilizofuata zikabeba jina jipya. Lakini kijitabu cha zamani hakina miguu ya kurudi kilikotoka. Kiliendelea kuzunguka kwa mawakala, kikafika Dubai, kikafika kwa kijana anayempenda mamake, kikafika ndani ya bahasha ya kaki. Hakuna aliyemtukana wala kumwibia mama huyu. Alipewa tu karatasi ya jana kwa uamuzi wa leo.

Hapa ndipo fundisho letu la kwanza lilipo. Halali katika biashara si jina la kuzaliwa ambalo mtu hufa nalo. Ni hali, nayo hali hubadilika. Nyama huwa halali kwa kuchinjwa kwake, haiwi halali kwa rangi ya karatasi iliyofungiwa. Vivyo hivyo, mfuko huwa halali kwa wapangaji wake wa sasa, deni lake la sasa na utakaso wa mapato yake ya sasa. Na hayo yote hayamo katika tangazo, yamo katika hesabu.

Tuchukulie, hata hivyo, kwamba jina lingebaki. Je, mama yetu angeweka mali ya mayatima kwa jina hilo pekee? Halali isiyo na uangalizi nayo huweza kuiteketeza mali. Tulifungua taarifa yake ukurasa kwa ukurasa, tukatafuta mambo matano.

La kwanza ni ulinganisho. Kila tarakimu katika taarifa ya mapato huandikwa pamoja na nyingine ya kipindi kama hicho cha mwaka uliopita. Muuza viazi karai hasemi biashara imeanguka kwa kulinganisha mauzo ya Ramadhani na ya mwezi wa Mfunguo Tano. Hulinganisha Ramadhani hii na ile iliyopita. Mizania nayo hulinganishwa na siku ya mwisho ya mwaka uliofungwa. Tazameni kodi iliyoingia: imepanda au imeshuka? Kisha gawio kwa kila kipande: limekwenda upande huo huo? Kodi ikishuka huku gawio likipanda, ulizeni pesa ya ziada imetoka wapi.

La pili ni faida isiyoliwa. Tutoe mfano wa kubuni. Familia ina godauni la shilingi milioni 20. Katika miezi sita limeleta kodi ya shilingi laki sita baada ya gharama. Mthamini akaja, akasema sasa lina thamani ya milioni 23. Katika hesabu, faida ya nusu mwaka itaonekana kuwa milioni tatu na laki sita. Lakini mama akienda sokoni, pesa ya kununulia unga ni laki sita tu. Milioni tatu zimo ndani ya kuta, na mwakani mthamini mwingine anaweza kuzifuta. Ndiyo maana ukurasa wa mtiririko wa pesa ni bora kusomwa kabla ya ule wa faida. Huo hauhesabu sifa za jengo. Huhesabu kilichoingia na kilichotoka.

La tatu ni wapangaji. Taarifa nzuri husema ni asilimia ngapi ya nafasi imepangishwa, mikataba itakwisha miaka gani, na mpangaji mkubwa analipa sehemu gani ya kodi yote. Historia ya Sabana yenyewe ni somo. Majengo mengi ya mwanzo yalikodishwa mazima mazima kwa mpangaji mmoja mmoja, na baadhi ya mikataba hiyo ilikuwa ya miaka mitatu. Ilipofika Novemba 2013 ikakwisha. Baadhi haikurudiwa, majengo yakalazimika kugawanywa kwa wapangaji wengi wadogo, nafasi tupu zikaongezeka na gawio likashuka. Msiba ule haukuja usiku. Mikataba ya miaka mitatu iliyoanza Novemba 2010 ilikuwa na siku yake ya mwisho tangu siku ya kwanza; aliyehesabu miaka aliiona inakuja. Aliyetazama gawio pekee aliliona nene hadi siku lilipokonda.

La nne ni deni. Ni kiasi gani kulingana na mali yote? Litalipwa lini? Na je, ni la riba au la murabaha? Maswali mawili ya mwanzo ni ya usalama, la tatu ni la dini, na yote majibu yake yamo katika maelezo ya mikopo. Ukiona gharama ya riba imeandikwa kwa jina lake, huna haja ya kumwuliza wakala kama mfuko ni wa kisharia.

La tano ni ujira wa msimamizi na biashara anazofanya na jamaa zake. Mara nyingi ujira huhesabiwa kwa asilimia ya thamani ya mali, kwa hiyo msimamizi anaweza kunufaika kwa kununua majengo zaidi hata pale ambapo mwenye kipande hanufaiki. Kanuni ya nambari 34 hutaka miamala mikubwa ya jamaa itajwe. Wenye vipande wa Sabana walikuja kulichukua jambo hili kwa uzito: Agosti 2023 walipiga kura kumwondoa msimamizi wa nje, wakataka usimamizi uwe mali ya mfuko wenyewe. Mtu hawezi kupiga kura kama hiyo ikiwa kila miezi sita anaitia taarifa kabatini bila kuifungua.

Msomaji asidhani kwamba mlango wa halali umefungwa. Malaysia iliweka mwongozo wa mifuko ya majengo ya Kiislamu mwaka 2005, na mfuko wa Axis, wenye maghala na majengo ya viwanda, uligeuzwa kuwa wa Kiislamu Desemba 2008. Ule wa Singapore ulitoka ndani ya uwanja wa sharia, huu uliingia. Lakini hata hapo soma: mwongozo wa Malaysia huruhusu kodi isiyo halali hadi asilimia 20 ya mapato, ilhali Sabana ilijiwekea asilimia 5. Wote wawili waliitwa wa kisharia. Ni kiasi gani moyo wako na sheikh wako watakubali, na mapato hayo yanatakaswaje, ni maswali ya kuulizwa huku taarifa iko mezani.

Na nyumbani kwetu? Kenya ilitunga kanuni za mifuko hii mwaka 2013. Mfuko wa mapato hutakiwa kugawa angalau asilimia 80 ya faida halisi, na deni lake limewekewa kikomo cha asilimia 35 ya mali. Wa kwanza kuingia soko la hisa la Nairobi ulikuwa Fahari, Novemba 2015, kipande kikiwa shilingi 20. Hatuutaji kama mfuko wa kisharia. Tunautaja kwa somo la hesabu. Bei yake ilishuka sana. Mwaka 2023 wawekezaji wadogo walipewa nafasi ya kuuza kwa shilingi 11, na Februari 2024 mfuko ukaondolewa katika soko hilo. Gawio lilikuwa likitoka miaka kadhaa, na wengi waliridhika nalo. Lakini gawio la senti kadhaa kwa mwaka halimfariji mtu ambaye mtaji wake umepungua karibu nusu.

Baada ya saa mbili mama yetu alifunga taarifa yake. Hakuwa mhasibu, lakini alikuwa na maswali matano yaliyoandikwa nyuma ya bahasha kwa mkono wake. Usiku huo alimtumia mwanawe kwa sauti ya simu. Jawabu lilikuja baada ya siku tatu: "Mama, nisamehe, sikuwa nimesoma. Nilitazama jalada tu." Tumemsifu kijana huyo, kwani kukiri ni nusu ya amana.

Lakini kilichotugusa zaidi ni alichofanya baadaye, nasi hatukumshauri. Alikwenda kwa shemeji yake mkubwa, mzee anayeheshimika, ndiye aliyekuwa akikusanya kodi ya godauni la Shimanzi tangu enzi za baba yao. Alimwamkia, akaketi, akamwambia: "Shemeji, kabla hatujazungumza kuuza, naomba hesabu ya miezi sita iliyopita. Kodi iliyoingia, iliyotumika, mpangaji ni nani na mkataba wake unakwisha lini. Si kwamba nakushuku. Wanangu wakibaleghe wataniuliza mimi." Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akasema kwamba tangu marehemu baba yao hakuna aliyewahi kumtaka hesabu, na akaomba muda hadi mwisho wa mwezi.

Hesabu hiyo imeletwa Jumapili iliyopita, kurasa mbili za daftari la shule. Tarakimu zake si zetu kuzitoa hapa. Tunaweza kusema tu kwamba kodi ilikuwa kubwa kuliko alivyodhani, paa linahitaji kutengenezwa, na shauri la kuuza limewekwa kando hadi baada ya Idi.

Wahenga wamesema mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla yao, aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, imeamrisha deni liandikwe na lishuhudiwe. Na Suratun Nisaa, katika aya ya 6, imewaamrisha wanaoshika mali ya mayatima waweke mashahidi siku ya kuikabidhi. Kuandika na kushuhudisha, basi, ni katika dini yetu kabla hakujakuwa na soko la hisa popote duniani. Taarifa ya nusu mwaka ni tawi dogo la amri hiyo. Kwa hiyo dada yetu asione haya kuomba hesabu, iwe kwa msimamizi wa mfuko wa ng'ambo, kwa mweka hazina wa chama, kwa mutawalli, au kwa shemeji. Na anayeombwa asione kuwa ametuhumiwa. Ameheshimiwa kwa kuhesabiwa kuwa mtu wa amana.

Tunawaomba wasomaji wafanye jambo moja kabla ya Ijumaa ijayo. Kila mwenye mali yake mikononi mwa mwingine, aandike maswali yake matano nyuma ya bahasha. Na kila mwenye mali ya wengine mikononi mwake, aandike majibu kabla hajaulizwa.

Mwenyezi Mungu atujaalie mali ya halali, na hesabu nyepesi siku ya hesabu kubwa. Wabillahi tawfiq.